Hema Lililoshika Ardhi Kakese

Ijumaa mchana, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi nje kidogo ya Kakese, Odeta alikuwa anapigilia kigingi cha mwisho cha hema kwa kisogo cha shoka. Hema lilikuwa la kanisa. Mchungaji wa kwao Mishamo, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi, aliwaazima kwa sharti kwamba lirudi bila tundu hata moja. Mdogo wake, Dieudonne, alikuwa anaziweka ngoma juani ngozi zikaze, na mama yao, Athanasie, alikuwa amekaa nje juu ya ndoo akichambua maharage. Alikataa kuingia ndani. Alisema alilala hemani utotoni, walipovuka kutoka Burundi, na kwamba zamu yake ya hema ilishaisha.

Walikuwa hao watatu tu. Wimbo wao mmoja ulikuwa umependwa redioni, ndipo wakaalikwa kwenye tamasha la muziki la hapo shambani, na kwa Odeta huo ulikuwa mwaliko wa kwanza wa kuimba mahali pasipokuwa kanisani wala msibani.

Luhende, mkuu wa walinzi, alikuja na tepe za mkononi, za bluu na za njano. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, aliyeongea kama mtu anayeomba radhi kwa urefu wake.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia Athanasie, kama wanavyoitwa akina mama kwao. Kisha akamgeukia Odeta. "Dada, hapa ni kambi ya wenyeji. Nyie mnatakiwa kule." Alionyesha upande wa pili wa vyoo, ukingoni mwa korongo, ambako hapakuwa na bomba wala kivuli.

"Kule kwa nani?"

"Kwa watu wa nje. Nyie si Warundi?"

"Sisi ni wa Mishamo."

"Ndiyo hao hao."

Dieudonne alitoa kitambulisho chake cha taifa. Luhende alikisoma mbele na nyuma, akaisifu picha, akamrudishia.

"Umeishi ugenini huku muda gani?" akamuuliza.

"Tangu nizaliwe."

"Basi umeshazoea," alisema Luhende, akamfunga utepe wa njano.

Odeta aliona shingo ya mdogo wake inavimba, akamshika mkono. Ugomvi wa watu wengine huisha kwa kupeana pole. Wa kwao huishia kwenye kuulizwa babu yako alizaliwa wapi, na nani alimwona akizaliwa. Akapiga magoti kung'oa kigingi.

Kigingi hakikutoka. Alikitikisa, akakizungusha, akakivuta kwa mikono miwili hadi viganja vikamuuma. Dieudonne alichimba pembeni kwa jembe, wakaona chuma kimetoa mizizi, myeupe na myembamba kama ya muhogo mchanga, imeshuka chini kuliko mpini wa jembe. Vigingi vingine vilikuwa hivyo hivyo.

"Limeshika," alisema Athanasie bila kuacha maharage yake.

Luhende alichuchumaa, akagusa mzizi mmoja. "Chuma cha zamani hiki," alisema. "Cha siku hizi hakishiki." Akatoa panga, akaomba ruhusa, akakata. Mzizi ulitoa utomvu mweupe, ukaungana tena kabla hajasimama. Alifuta panga kwenye suruali, akaenda kumwita bosi.

Bosi aliitwa Gervas, mwenye tamasha, kijana wa Mpanda mjini aliyevaa viatu vyeupe. Alilizunguka hema mara moja.

"Jamani, mimi sina neno na nyie," alisema. "Lakini tamasha ni la kimataifa. Nimeshatangaza kila mahali. Msipokuwa nyie wa nje, wa nje ni nani?"

"Si utafute Warundi wa Burundi?" Dieudonne aliuliza.

"Mbali. Nyie mko jirani."

Aliagiza trekta. Wakafunga mnyororo kwenye nguzo ya hema na dereva akawasha injini. Hema halikusogea, ila ardhi ilijikunja kama shuka linalovutwa upande mmoja. Mahema ya wenyeji yalilala ubavu. Sufuria zilipinduka. Mzee mmoja wa Mwamkulu, aliyekuwa anakunywa chai, aliteleza na kiti chake mpaka miguuni pa Odeta, akamsalimia, akauliza kama zoezi litachukua muda. Trekta lilipoendelea kuvuta, jukwaa upande wa pili wa uwanja lilianza kuinama na spika zikakwaruza. Gervas alipiga mluzi kusimamisha. Ardhi ikanyooka polepole.

Sasa alikuwa na hasira, na vumbi lilikuwa kwenye viatu.

"Mnafanya makusudi."

"Hatujafanya kitu, kaka," alisema Odeta.

"Nitawapigia wakubwa waje wakague uraia wenu. Wote watatu. Hata huyu bibi."

Watu walikuwa wameshawazunguka, wakiwa na tepe zao za bluu. Dieudonne alikuwa ameinua jembe. Hakuliinua sana, lakini walinzi wawili waliliona wakasogea. Odeta alisimama katikati yao, akiangalia mikono ya kila mmoja, akijua kwamba neno moja tu likimtoka mdogo wake, hawatarudi nyumbani pamoja.

Athanasie alisimama. Alimpa Gervas sinia la maharage amshikie, naye akalishika. Kisha mama akainamisha kichwa, akaingia hemani, akalala chali juu ya ardhi tupu na kufungua viganja.

"Mama, toka," Odeta aliita kwa sauti ya chini.

"Nililala hemani utoto wangu wote," mama alijibu kutoka ndani. "Nikalima Mishamo, nikazaa, nikazika. Ardhi haikunishika hata siku moja. Leo imenishika, halafu unaniambia nitoke?"

Walinzi walitazamana. Dieudonne alishusha jembe. Gervas alibaki na sinia mkononi, akafikiri. Alikuwa mtu wa kutafuta njia.

"Basi hamisheni uzio," alisema.

Vijana waling'oa mabati ya uzio wa tamasha, wakayapitisha upande wa ndani, kati ya hema na bomba la maji, na kuyapigilia upya. Jua lilipoelekea kuzama, hema lilikuwa palepale lilipokuwa tangu mchana, lakini lilikuwa nje. Luhende aliwaletea ndoo ya maji kwa kuzunguka getini, akaomba radhi, akawafunga Odeta na mama yake tepe za njano.

Kesho yake waliimba. Waliingia kwa geti la wageni, na mshereheshaji akatangaza: ndugu zetu kutoka Burundi, wamesafiri safari ndefu! Umati ulishangilia. Odeta alikaribia kipaza sauti, akasema, "Sisi ni wa Mishamo, mkoa huu huu." Watu walicheka kwa furaha, wakampigia makofi kwa jinsi alivyokijua Kiswahili. Mama alipiga vigelegele, Dieudonne akapiga ngoma kana kwamba anagonga mlango uliofungwa, na wimbo ulipendwa kuliko yote ya siku ile.

Tamasha lilipoisha, mabati yalipakiwa kwenye lori, mahema yakakunjwa. Lao halikukunjika. Athanasie alisema yeye habanduki. Odeta alirudi Mishamo, akamweleza mchungaji, na mchungaji akauliza tu kama lina tundu.

Sasa Odeta huja kila baada ya mavuno na unga na dagaa. Turubai limekuwa gumu kama gome la mti, na upande wa mashariki limechipua majani. Mwenye shamba hulima akilizunguka. Wakazi wa Kakese wamemzoea mama; wanampa chumvi, wanamwachia watoto wanapokwenda shamba. Asubuhi wanafunzi hupita njia ya mkato, husimama mlangoni mmoja mmoja kwa adabu.

"Shikamoo, bibi mgeni."

"Marahaba," anaitika Athanasie, na kuwauliza habari za nyumbani.

"Nzuri. Wewe kwenu unarudi lini?"