Chai ya Fundi

Simu ililia mara moja tu, na mimi nilikuwa nasubiri ilie mara mbili.

Mke wangu aliisikia kutoka uani akapiga kigelegele. Alikuja mbio hadi kwenye cherehani yangu, povu la sabuni likiwa bado mikononi, akasoma ujumbe kwa kuchungulia begani kwangu.

"Kamili! Hata siku moja hakuchelewa. Wenye watoto na tuonekane!"

Akarudi kwenye beseni lake la nguo akiimba. Mimi nikabaki nimeikodolea simu macho, mguu umekufa ganzi juu ya pedali.

Kijana wetu anajenga maghorofa nchi za watu, huu mwaka wa nne. Tulimpachika jina la Futi kwa sababu tangu anatambaa alikuwa haachi futi yangu ya kupimia watu, anaiburuta nyumba nzima. Kila mwisho wa mwezi hutuma pesa ya nyumba: ada ya mdogo wake, dawa za mama yake, kodi. Dakika haiishi, anatuma nyingine kiduchu, na neno moja: "Chai." Hiyo ndiyo yangu. Ni ndogo mpaka makato ya kuitoa yanaizidi, na dada wakala wa hapo kibandani hunichokoza kila nikipita: "Fundi, leo tunatoa ile ya chai, au bado unaiotesha?" Sijawahi kutoa hata moja. Ninaziacha zikae. Nikiiona hiyo ndogo najua kidole kilichobonyeza ni cha mwanangu.

Mwezi uliopita haikuja. Nikasingizia mtandao. Nikasema labda kachoka, labda kakua, mtoto wa miaka ishirini na tisa hawezi kuchezacheza na baba yake milele. Sasa haikuja tena, na visingizio vilikuwa vimeniishia.

Nikampigia. Simu iliita hadi ikakatika. Baadaye kidogo ukaingia ujumbe: "Niko juu ya jengo, nitapiga." Nikarudi nyuma kuangalia wa mwezi uliopita. "Niko juu ya jengo, nitapiga." Neno kwa neno. Na hakuwa amepiga.

Niliogopa. Sitaki kujifanya jabali, niliogopa kwa kuwa mimi nilikuwa najua jambo ambalo mama yake halijui.

Mwaka jana Futi alituma pungufu, nami nikamwakia kwenye simu kama vile zile pesa nilimkopesha. Akanieleza kwa sauti ya chini. Wanalala kumi na wawili chumba kimoja, na wana sharti lao: kila mmoja anawaachia wenzake namba ya siri ya simu yake. Mmoja akifa kazini, waliobaki wanachanga na kutuma kwao kwa simu yake, miezi mitatu, kama kawaida. Ndipo wanasema. Jamaa wa kitanda cha juu yake alikuwa ameanguka.

"Huo ni ukatili," nilimwambia. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Waambieni watu wamlilie mtu wao."

"Fundi, wakijua leo watalia na njaa. Wakijua baada ya miezi mitatu, watalia wameshiba."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimwambia ana mdomo, kisha nikamuuliza ile pungufu ataifidia lini.

Siku tatu nilijikausha. Nilikata suruali ya mteja fupi kwa inchi mbili, mimi, ambaye sijaharibu kitambaa tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani. Mama Futi akanitania kwamba uzee umebisha hodi. Nilitaka kujua, na nilitaka nisijue mpaka nife.

Siku ya nne, mchana, nikaandika: "Hujanitumia ile ya miwani."

Sina miwani. Sijawahi kuvaa. Nina miaka sitini na sita na uzi natumbukiza kwenye sindano kwa macho yangu haya, na Futi hilo hulitangaza kwa kila anayemsikiliza. Kama ni yeye, angenijibu kwa tusi la kirafiki. Niliomba Mungu nitukanwe.

Pindo moja halijaisha, simu ikalia. Pesa imeingia, si haba, na maneno: "Samahani, nilisahau. Hii hapa ya miwani. Ujitunze."

Kuna mtu huko, mtoto wa wenyewe, alikuwa ametoa mfukoni mwake kumnunulia miwani baba asiye wake. Nikaandika: "Mimi sivai miwani. Pokea simu."

Safari hii ilipokelewa. Nikasikia mtu anapumua.

"Shikamoo, baba."

Haikuwa sauti yake.

"Marahaba. Lini?"

"Baba, tusamehe, sisi tuli..."

"Nimeuliza lini, mwanangu."

"Huu ni mwezi wa pili sasa. Jukwaa lilikatika, na yeye alikuwa juu." Akavuta kamasi. "Imebaki mara moja. Tutume, baba, au tuseme?"

Wakati huo huo mama Futi aliingia na sahani mbili. Yangu akaiweka juu ya meza ya kukatia, yake akaipakata, akakaa kwenye kigoda. Jikoni alikuwa ameshinda tangu asubuhi na hakuwa ameonja kitu.

"Ni Futi huyo?" akauliza, uso umemchanua. "Mwambie asijinyime kwa ajili yetu. Mwambie nimeshanunua dawa."

"Nitasema mimi," nikamwambia yule kijana, nikakata simu.

Mke wangu alishapeleka tonge la kwanza mdomoni. "Anasemaje?"

Nikaangalia sahani yake, bado imejaa.

"Kula kwanza, mama Futi," nikasema. "Kula ushibe."

Nikamsogezea na yangu.