Paka wa Bombei Katika Studio ya Zaidi

Asubuhi ya Jumanne, mwaka wa themanini na tatu, Mwamini alikuwa akifuta vioo vya picha studioni kwa gazeti lililoloweshwa maji. Ilikuwa kazi ya kila wiki, maana vumbi jekundu la Karatu liliingia hata madirisha yakifungwa. Picha zilikuwa ishirini na sita, zote za paka. Alizipiga baba wa Mzee Kanji, Mhindi aliyekuwa mwenye studio, zamani sana, katika mitaa ya Bombei: paka kwenye mizani ya muuza viungo, paka juu ya mkokoteni, paka chini ya cherehani ya fundi wa barazani. Mzee Kanji alipofungasha na kuhama, alimwachia Zaidi, mume wa Mwamini, kamera, chumba cha giza na paka wote.

Alipofika kwenye picha ya fundi, paka hakuwepo. Mahali pake alikaa Zaidi, amekumbatia magoti, miguu mitupu, na shati lile lile alilovaa Ijumaa walipomchukua. Paka mwenyewe alikuwa juu ya kaunta, analamba mguu. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, hata ulimi, na alinuka dawa ya kusafishia picha. Mwamini alimmegea kiporo cha ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, akala. Kisha akamalizia vioo vilivyobaki.

Zaidi alikuwa ameitwa na watu wa operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi apige picha za bidhaa walizokamata madukani, sukari, sabuni na vitenge. Alipiga kila alichoambiwa. Jioni, akirudi nyumbani, akayaona magunia yale yale yakishushwa kwa mkubwa wa operesheni. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja, akaipiga. Ijumaa likaja gari likamchukua yeye na kamera. Tangu hapo, kila Mwamini alipokwenda kuuliza, ofisini walisema hawana mtu wa jina hilo.

Aliitungua picha, akaifunga kwenye khanga, akaenda nayo ofisini. Karani alikuwa Hhando, ambaye picha yake ya kitambulisho ilipigwa na Zaidi.

"Shemeji, huyu ni Zaidi kweli," alisema.

"Ndiye. Siku ya nne leo nawaulizeni."

"Na hapa alipo ni wapi?"

"Bombei."

Hhando akaingia na picha chumba cha ndani. Mwamini alimsikia mkubwa akiuliza kama mtu huyo ana pasipoti, na Hhando akijibu kwamba hana. Baada ya muda karani alirudi na picha na karatasi iliyopigwa taipu.

"Faili limefungwa, shemeji. Mumeo ametoroka nchi bila kibali. Hayuko kwetu."

"Mgongo wake una damu, Hhando. Tazama shati."

Hhando akatazama. "Naiona," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini itakuwa imetokea huko huko Bombei."

Akamsogezea kalamu aweke sahihi. Mwamini hakuigusa. Hhando akaandika kwamba mhusika amekataa, akagonga muhuri.

Jumapili iliyofuata walimchukua Sulemani wa duka la nguo, na Jumatatu paka wa kwenye mizani akaonekana akiota jua barazani. Mvua zilipoanza, paka wa kijivu walikuwa kumi na mmoja mtaani. Watu waliwazoea. Muuza nyama aliwafukuza kama alivyowafukuza paka wengine.

Kila asubuhi Mwamini alimtazama mumewe kabla ya kuwasha jiko. Alikuwa anakonda. Halafu siku moja alimkuta amelala, na fundi cherehani amemfunika kitambaa cheupe hadi kichwani. Mwamini akakaa sakafuni, akabaki hapo mpaka jirani aliyefuata kaa la moto akamkuta. Mchana waliswali mbele ya picha ile. Imamu aliuliza kibla iko upande gani huko, na hakuna aliyejua. Wakaelekea kibla ya Karatu.

Ofisini nao waliona picha zinawapunguzia usumbufu. Mwanamke akija kuuliza habari za mtu wake, walimwelekeza, "Nenda studio, kwa mama Mwamini, kaangalie."

Ndivyo alivyofika Nashilu, aliyesafiri siku mbili kutoka Enguserosambu kwa lori. Mumewe, Ngoitiko, alikamatwa akichunga karibu na mpaka, wakasema anavusha ng'ombe. Mwamini alimpa kigoda na kioo cha kukuzia. Nashilu akaenda picha kwa picha, bila haraka, mpaka ya tisa. Ngoitiko alikuwa amesimama katikati ya wanawake wa sokoni wenye makapu, ameegemea fimbo yake, mguu mmoja juu ya mwingine. Paka wa picha hiyo alipita katikati ya miguu ya wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu studioni, akatoka nje.

"Hawa mama wanauza nini?" aliuliza Nashilu.

"Samaki."

"Mume wangu hali samaki."

Mwamini alilijua hilo. Akasogeza kioo, akamwonyesha nyuma ya makapu. "Lakini tazama, hapa kuna ng'ombe. Kule wanapita tu barabarani, na hakuna anayewagusa."

Nashilu akaangalia kwa muda mrefu.

"Huyu ng'ombe naye amekonda," alisema, akaomba maji ya kunywa.