Kilima cha Akina Hruska

Simu ilipolia, Delbert Hruska alikuwa barazani na kahawa yake, akilitazama wingu jeusi likijikokota kutoka kusini-magharibi. Wazee wa Nebraska, Marekani, hawajifichi kabla hawajakiona kimbunga kwa macho yao, na Delbert alikuwa na jeuri ya ziada: kilima kilichosimama upande ule. Babu yake alisema kilima kile hugeuza vimbunga, baba yake akaamini, naye kwa miaka sabini na moja hakuwahi kuona hata bati moja likibanduka.

Aliyepiga alikuwa bintiye, Marlys, mtabiri wa hali ya hewa mjini. Alimweleza kwamba kimbunga hakijali kilima. Nguvu zake huzipata kwenye hewa inayokizunguka. Leo hewa ya chini ilikuwa na joto na unyevu tele, na pepo za juu zilikwenda kasi upande mwingine. Delbert akamjibu kwamba elimu ni kitu kizuri, ila kilima hakijapita shule.

"Haya, Baba. Basi nakuja tukae wote hapo barazani. Gari nimeshaliwasha."

Raha ikaingia nyongo. Barabara ya kutoka mjini ilipita chini ya wingu lile lile.

"Usije, mwanangu. Nashuka handakini."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, ukabaki kitini. Leo nataka niusikie mlango ukifungwa."

Akashuka na simu mkononi kwenye handaki la kujikinga na vimbunga, nyuma ya nyumba, magoti yakimlalamikia, akaubamiza mlango wa chuma kwa nguvu zake zote. Akauliza kama amesikia. Simu ilikuwa imekatika.

Akakaa gizani kati ya chupa za matango ya siki, asijue kama bintiye yuko njiani. Masikio yakaziba, ardhi ikanguruma. Nyumba hakuiombea hata neno moja.

Alipotoka, nyumba haikuwepo. Kimbunga kilikuwa kimekipanda kilima na kukishuka bila kusita. Ng'ambo ya mashamba, mvua ilikokwisha kuipoza hewa, kilikonda kama kamba, kikakatika. Delbert alikuwa akitazama barabara.

Simu ikalia.

"Niliusikia, Baba," Marlys alisema huku akilia. "Gari nililizima pale pale."

Akaketi kwenye nyasi zilizolowa, akacheka peke yake kwa furaha.

Hapo ndipo wazimamoto wa kijijini walipomkuta. Mmoja aliutazama msingi mtupu, akauliza kwa upole ndani mlikuwa na watu wangapi.

"Hapakuwa na mtu," Delbert akasema, na kwa jinsi neno lilivyomkaa vizuri mdomoni, akalirudia. "Hapakuwa na mtu hata mmoja."