Mzee wa Kwenye Kipedi cha Mausi

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na nawaambieni kama ilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi. Niko dukani kwangu, pale ninapochapia watu barua na mialiko ya harusi, nasukuma mausi ya kompyuta. Mara chini yake mtu anapiga kelele.

"Dada, taratibu! Unanisugua pua!"

Ni yule mzee wa kwenye kipedi cha mausi. Kipedi, kile kitambaa cha kuwekea mausi, kilikuja pamoja na kompyuta ya mtumba, kina picha ya mwanafalaki wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, ndevu tele, jina lake Ottokar. Nikaona haya, maana ni mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mwezi wenu unaandama. Nimeshapiga hesabu."

Moyo ukanilipuka! Watu wanautafuta mwezi wa Idi, na bibi yangu, Bi Mwanasha, ndiye aliyekuwa akiuona kabla ya mtaa mzima tangu mama yangu hajazaliwa. Mwaka huu macho yake yameingia mtoto wa jicho, hata mimi hanijui mpaka niseme. Kamati ya mwezi wakamwambia kwa upole, Bibi, sasa pumzika. Alilia. Nami roho iliniuma sana.

"Twende," anasema Ottokar.

Nasukuma mausi kulia, duka linakwenda kulia. Nasukuma juu, tuko juu ya paa la msikiti, na meza, na kompyuta, na mimi na kanga yangu ya kushindia. Watu wamejaa, wanatazama machweo. Bibi kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kaelekezwa mashariki.

"Jamani, mwezi unaandama huko?" nauliza.

Magharibi kuna wingu zito. Nalibofya, nalivuta, nalishusha soko la samaki. Wachuuzi wananitukana. Mshale mkubwa mweupe unatokea angani, ncha yake imegusa mwezi.

"Ule pale!" nikapiga ukelele.

"Wapi?" wanauliza wote.

Maalim Kombo, katibu wa kamati, anatikisa kichwa. "Mshale hautoi ushahidi, binti. Tunataka jicho."

"Hesabu zangu zinasema upo," anasema Ottokar.

"Hesabu nazo hazina jicho, mzee wangu."

Ottokar anafikiri. "Basi mimi ninalo. Tangu nichorwe halijafumba hata mara moja."

Analitoa kama mtu anayevua miwani. Nalibofya, nalivuta polepole, naliachia usoni kwa Bibi.

Bibi anasimama. Anageuka magharibi mwenyewe, hakushikwa mkono.

"Huo! Mwembamba, umelala kidogo! Nyie mnatazama nini?"

Lo! Vigelegele, takbiri, watu wanakumbatiana. Maalim Kombo anamwomba Bibi radhi mbele ya wote. Mimi nalia na kucheka kwa pamoja.

"Nikurudishie lini?" namwuliza Ottokar.

"Aa, kaeni nalo. Mimi kila siku ninachotazama ni tumbo la mausi."

Nikaamka kumekucha, furaha imenijaa mpaka kooni. Nikatoka uani. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Nilisimama kimya, hata shikamoo sijaitoa.

Akainua uso.

"We Riziki, kanawe kwanza. Una tongo jicho la kushoto."