Nusu ya Saa Inayokuja

Fomu ya ufadhili ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika jina la mji, na chini ya mstari huo onyo: kwa wino, bila kufuta. Dakika aliibeba wiki nzima ndani ya kitabu cha sarufi. Siku ya mwisho ilifika, na mstari ulikuwa bado mweupe.

Dakika halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na wateja wa duka la saa la mama yake, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuchelewa popote, na aliwakosoa wakubwa akiwa na saa ya mkononi iliyomteleza hadi kiwikoni. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi kamili. Kijerumani alikianza kwa sababu ya kazi. Saa kubwa za ukutani zilizoletwa dukani zilikuja na vijitabu vya maelezo ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma, naye hakupenda kufungua kitu kwa kubahatisha. Ufadhili ungemlipia miezi tisa ya kusoma lugha hiyo kule kule inakozungumzwa. Shule zilikuwa tatu, katika miji mitatu. Kila shule ingempigia simu kumhoji, kisha ingetuma barua ya kumpokea. Fomu isiyo na barua ya mji ulioandikwa ilifaa kufungia misumari.

Majina ya miji yaliwashinda wote nyumbani, ikabidi yabatizwe upya. Ule mkubwa waliuita Jiji. Wa pili ulikuwa Mtoni, kwa kuwa Baba mdogo, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, aliukuta kwenye ramani umepakana na mto. Wa tatu uliitwa Mgongoni. Huo aliuchomeka Mama. Yeye hakujua neno la Kijerumani zaidi ya salamu, lakini jina la mji huo alilijua kwa sura, maana lilichongwa nyuma ya saa nyingi alizowahi kutengeneza.

"Huo naujua," alisema. "Nimeufungua mgongo mara mia."

"Shemeji, shule haichaguliwi kwa bisibisi," alisema Baba mdogo. "Huko ni milima na baridi ya kung'oa masikio. Tena nimesoma kwamba watu wake wanameza nusu ya maneno. Mtoto ataenda kujifunza Kijerumani, arudi na kikohozi."

Dakika mwenyewe aliegemea Jiji. Mwanamke wa Jiji alimpigia Jumanne, na baada ya sentensi mbili tu za Kijerumani akahamia Kiingereza kwa upole. Dakika akashusha pumzi. Mazungumzo yakaenda kama maji, na barua ikafika jioni ile ile. Jumatano mwanamume wa Mtoni alimsomea maswali kumi na manne ya kujibu ndiyo au hapana, akampongeza, naye akatuma barua. Zilibaki simu ya Mgongoni na fomu, zote siku ya Alhamisi. Ofisi ya ufadhili ilikuwa ng'ambo ya barabara, na dirisha lake lingefungwa saa kumi na nusu.

Watu wa Mgongoni waliandika kwamba wangepiga "halb drei", kwa majira ya huku. Dakika hakuhitaji kamusi. *Halb* ni nusu. *Drei* ni tatu, na saa tatu yao ni saa tisa yetu. Saa tisa na nusu, basi. Akaiacha simu dukani ikichajiwa, akachukua ngazi, akaenda hospitali kurekebisha saa ya ukumbi wa kusubiria.

Alirudi saa tisa na dakika kumi, akiwa na dakika ishirini za kunawa grisi. Mama alikuwa ameinamia meza, lenzi jichoni.

"Simu yako imelia," alisema bila kuinua kichwa. "Saa nane na nusu kamili. Si sekunde kabla, si sekunde baada. Nikajua huyu ni mtu wa heshima."

"Nani, Mama?"

"Mwanamke. Nikamsalimu kwa Kijerumani changu, kikaisha. Nikamwambia kwa lugha yetu kwamba uko hospitali juu ya ngazi. Akasema mengi. Nami nikasema mengi. Tumeachana vizuri."

"Lakini ni saa tisa na nusu. Wameandika nusu..."

Aliinyaka sarufi. Maelezo yalikuwa ukurasa wa arobaini na moja, kwa herufi ndogo. Mjerumani akisema nusu-tatu, hamaanishi saa tatu na nusu. Anamaanisha nusu ya kuelekea saa tatu. Saa nane na nusu ya kwetu, basi.

Baba mdogo, aliyekuwa kwenye benchi la wateja, alishusha gazeti. "Dakika," alisema polepole.

"Baba mdogo, usinimalize."

"Sijasema kitu. Nimelitaja jina lako tu." Akalikunja gazeti. "Barua ya Jiji si unayo? Andika, tupeleke, tukapumzike."

Lilikuwa shauri la busara, na Dakika alikwisha kuishika kalamu. Lakini kumkosesha mtu miadi kisha kunyamaza lilikuwa jambo asiloliweza. Alipiga simu kwanza, aombe radhi.

Katibu wa shule ya Mgongoni alipokea mara moja. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na kweli alimeza miisho ya maneno. Dakika alianza kujieleza, akanasa kwenye mtego wa lugha ile. Ukishasema "kwa sababu", kitenzi hungoja mwisho kabisa wa sentensi, nawe huna budi kufika nacho huko salama.

"Kwa sababu mimi saa ile hospitalini juu ya ngazi..." Kitenzi kikapotea.

Saa ya ukutani ilihesabu sekunde tano, tisa, kumi na moja. Dakika alingoja mwanamke yule ammalizie, au ahamie Kiingereza. Hakuhama. Hakukohoa. Alikuwa pale tu, akipumua, kama mtu aliyemshikia mlango mwenye mizigo.

"...nilikuwa nimesimama," alisema Dakika.

"Naam," alisema katibu. "Umefika. Endelea."

Akaendelea. Alieleza kwamba kwao saa huanza kuhesabiwa asubuhi, kwa hiyo kila saa ya Kijerumani lazima aihamishe kwanza, na kwamba nusu ya kwao hufuata saa iliyokwisha kutimia.

"Ninyi mnaitaja saa iliyopita, mnaiongezea nusu?"

"Ndiyo."

"Sisi tunaitaja inayokuja." Katibu alicheka kidogo. "Na huku kwetu robo nayo ni hivyo hivyo. Watu wa miji mingine hutununia."

Walizungumza dakika ishirini na mbili. Dakika alikosea mara nyingi, akasahihishwa mara nyingi, na kila mara aliachwa afike mwenyewe. Mwishowe aliuliza kama mkuu wa shule angekubali kumhoji siku hiyo hiyo.

"Umekwisha kuhojiwa," alisema katibu. "Mkuu wetu anaogopa simu. Barua utaipata kabla ya robo-tano, kwa majira yenu." Akaaga, akakata. Dakika akawatafsiria wenzake.

"Robo-tano ndiyo nini?" aliuliza Mama.

Baba mdogo alihesabu kwa vidole. "Saa tano yao ni saa kumi na moja yetu. Toa robo. Saa kumi na moja kasorobo. Dirisha litakuwa limefungwa zamani. Mpigie umuulize."

"Nikimpigia ataacha kuiandika."

Dakika alivuta saa moja mbovu, akausogeza mshale kwa kidole. Nusu-tatu ni nusu ya njia ya kwenda tatu. Robo-tano basi ni robo ya njia ya kwenda tano. Unaondoka saa kumi yetu, unakwenda robo, unasimama. "Saa kumi na robo," alisema.

"Kitabu kimesema?" aliuliza Mama.

"Kitabu kina nusu peke yake. Ila ndivyo mashine inavyozunguka."

"Na Jiji je?" alisema Baba mdogo. "Si walikupokea vizuri?"

"Walinihurumia. Nikihurumiwa miezi tisa, nitarudi na Kiingereza kizuri sana."

Mama alivua lenzi. Aliitungua saa ya ukutani, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Jina la mji lilikuwa pale, limechongwa kwenye shaba. "Nakili hapa," alisema. "Usije ukakosea herufi."

Saa kumi na dakika tano Dakika aliliandika, herufi moja baada ya nyingine, kwa wino. Sasa hakukuwa na Jiji wala Mtoni. Baba mdogo alikunja gazeti lake mpaka likatosha mfukoni.

Saa kumi na dakika kumi na tatu simu ilitetemeka juu ya meza.

"Dakika mbili kabla," alisema Mama. "Niliwaambia, mtu wa heshima."

Baba mdogo aliinyakua simu, akaenda kuichapisha barua duka la jirani, akikimbia kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Alirudi akihema, karatasi ingali na joto. "Nenda," alisema. "Nusu ya jiografia nimeisahau leo, ile ya milima na baridi."

Karani wa dirishani alisoma fomu, akasoma barua, akairudia fomu. "Mji huu siujui. Wote wanachagua ule mkubwa. Wewe umevutiwa na nini huku?"

"Walinisubiri nimalize sentensi."

Karani akagonga muhuri. Dakika aliinua macho kwenye saa iliyokuwa juu ya kichwa cha karani, kwa mazoea.

"Saa yenu inachelewa dakika nne," alisema. "Kesho nitaleta ngazi."