Msikilizaji Asiyejua Mwisho

Kazi ya kufasiri Injili ina kanuni moja isiyo na mjadala: kabla kitabu hakijaenda kuchapwa, asomewe mtu asiyeijua kabisa habari ile, kisha aisimulie kwa maneno yake. Akiisimulia sawasawa, tafsiri imesema kweli. Mfasiri wetu, baada ya kuumiza kichwa miaka sita, alimchagua mama mkwe wake, akatia sahihi fomu kwamba mama huyo hajawahi kuisikia.

Asubuhi ile mkaguzi alifika ofisini na kalamu yake. Mfasiri akasoma habari ya yule mfuasi aliyeulizwa uani, kando ya moto, akakana kwamba hamjui bwana wake. Hata hajafika mara ya tatu, mama mkwe akadakia, "Na jogoo akawika."

Jamani, jogoo mwenyewe alikuwa bado yuko ukurasa unaofuata.

Mkaguzi alikuwa anaandika, hakuinua macho. Akinyamaza, kitabu kinachapwa kesho na hakuna atakayejua. Akisema, fomu ni ya uongo, na huenda miaka sita yote ikaenda na maji. Lakini utasomaje habari za mtu aliyemkana mwenzake, huku nawe unaficha ya kwako? Akaweka karatasi chini.

"Mama, hii habari unaijua?"

"Naijua tangu usichana wangu, kwa ile lugha kubwa ya redioni, si kwa hii yetu ya nyumbani. Ulivyoniomba kwa adabu vile, mwanangu, ningekukatalia vipi?"

Mfasiri akamgeukia mkaguzi. "Basi nimetia sahihi uongo. Sikumuuliza, nilidhani tu."

Mkaguzi akaichana fomu taratibu. "Kitabu sijakichana. Nitafutie mtu mwingine, sasa hivi."

Wakamwita fundi viatu wa mlango wa pili, mtu anayelijua kanisa kwa nje tu. Safari hii mfasiri akamuuliza kwanza; habari ile hakuwahi kuisikia. Akaketi na kiatu cha mteja mkononi. Mfasiri akasoma, akaishia pale kwenye kukana kwa tatu.

Fundi akasimulia yote, moto, kijakazi, viapo, bila kuruka kitu. Kisha akakunja uso. "Rafiki gani huyu? Na mwenzake amemsikia? Watakutana tena?"

Mkaguzi akatia alama ya vema. Mfasiri alishusha pumzi, machozi yakamtoka wala hakuona haya. Mama mkwe akafungua mdomo kumjibu fundi.

"Mama," mfasiri akamuwahi, "nakuomba, usimwambie."