Mlango wa Obuya

Zubair alizikwa Alhamisi alasiri, nami nikafika Migori Ijumaa. Habari ilinikuta Homa Bay siku hiyohiyo ya mazishi, lakini sikuharakisha. Sisi Wajaluo hukaa na maiti wetu hata wiki mbili tukingoja watu wa mbali, nikasahau kwamba Waislamu humzika mtu wao mara moja. Kwa hiyo sikumwona. Naandika haya nisije nikasahau na mengine.

Alikuwa mtu wa Malindi, mwenye duka la mabati na misumari karibu na stendi ya Migori. Mwaka wa 1993 aliwaita watu tisa wenye biashara waje dukani kwake Jumanne saa moja asubuhi, kabla ya kufungua. Mume wangu Cephas, fundi wa kushona nguo, alikwenda kwa sababu alisikia kuna chai. Alirudi akicheka.

"Yule Mswahili ana wazimu," aliniambia. "Anataka kila Jumanne, mvua inyeshe, jua liwake, kila mtu amletee mwenzake mteja. Na kila kazi ina mtu mmoja tu. Fundi wa nguo ni mimi peke yangu."

"Na mafundi wengine wa hapa mjini?"

"Hao watajua wenyewe."

Sheria ya Zubair ilikuwa kwamba mteja hatumwi, hupelekwa. Kama mtu alikuwa kwako na anahitaji meza, hukumwelekeza kwa Obuya seremala kwa kidole. Ulifunga duka lako dakika chache, ukatembea naye, ukaingia naye ndani, ukamwambia Obuya mbele yake, "Huyu ni mtu wangu. Ukimharibia kazi umeniharibia mimi."

Nyamoita, mama Mkisii mwenye hoteli, ndiye aliyepinga kwa sauti. "Niache mandazi kwa mafuta nitembeze watu mjini kama ng'ombe?"

Wiki hiyo mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Ukuria, jina lake Matiko, alikuja kununua mabati. Zubair alimbebea mfuko wake mwenyewe, akampeleka kwa Obuya kuagiza milango, akamleta kwetu kushonewa watoto wake watano sare za shule, kisha akamkalisha hotelini kwa Nyamoita. Matiko alikula sahani mbili. Jumanne iliyofuata Nyamoita alikuwa wa kwanza kufika.

Nilikuja kuona kwamba kazi yake kubwa haikuwa kusema. Asiyefika kikaoni hakukaripiwa. Asubuhi hiyohiyo Zubair alitokea dukani kwake na mteja mkononi. "Wewe hukuja," alimwambia, "lakini wateja wako walikuja." Mtu akitendewa hivyo mara moja hakosi tena. Zubair mwenyewe alikuja siku moja na malaria, amejifunga blanketi, meno yakigongana, akaendesha kikao mpaka mwisho.

Cephas aliugua miezi saba, akafa Agosti 1995. Obuya, rafiki yake wa tangu shuleni, alimtengenezea jeneza na akakataa kabisa kusikia habari ya bei.

Baada ya mazishi ndugu ya Cephas alikuja kunirithi kama desturi yetu inavyotaka. Nilikataa. Mimi ni Msabato, na moyo wangu pia haukutaka. Lakini kwa Wajaluo mjane ambaye hajarithiwa bado ana kaburi mwilini. Haingii nyumba ya mtu mwingine, na akiingia, balaa huingia naye. Mimi sikuyaamini hayo. Niliiheshimu hofu ya watu tu, kama unavyomheshimu mbwa wa jirani.

Nilikuwa nimeshona kando ya Cephas miaka minane, na kazi yetu karibu yote ililetwa na watu wale wa Jumanne. Nikikosa nafasi ile, mimi na watoto wangu wawili tulikuwa tumekwisha. Kwa hiyo siku arobaini zilipopita nilikwenda, nikasimama nje ya duka la Zubair.

"Ingia, Mama Awino," Zubair aliita.

"Niko sawa hapa."

"Kwani humu ndani kuna nyoka?"

"Zubair, wacha," Nyamoita akasema. "Mambo ya hawa watu huyajui."

"Basi nifundisheni."

Obuya alimweleza akitazama sakafu. Zubair alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akabeba kiti chake, akakiweka barazani karibu nami.

"Kikao ni hapa," akasema. "Ndani kuna joto."

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Walitoka mmoja mmoja na vikombe vyao, na tangu siku hiyo kikundi kilikutana nje. Wateja niliwapeleka mpaka kwenye ngazi za mlango na kupaza sauti, "Obuya! Huyu ni mtu wangu!" naye akatoka kuwapokea. Watoto wa mtaani waliniiga. Nikipita walipiga kelele, "Obuyaaa! Huyu mtu wangu!" nami nikacheka nao. Tuliishi hivyo mwaka mmoja na nusu.

Aprili 1997 mwalimu mmoja alikuja kwangu kuulizia vitambaa, na katika mazungumzo akasema shule yao inataka madawati arobaini. Nilifunga duka nikampeleka mbio kwa Obuya. Tulipofika, mvua ya mawe ikaanguka. Mwalimu aliingia ndani. Mimi nilibaki kwenye ngazi, mgongo ukutani, maji yakinipiga magotini.

Zubair alikuwa mle ndani, ameleta misumari. Aliniona. "Mama Awino, utakufa na nimonia!" akasema, akatoka, akanishika mkono, akanivuta.

Hakuwa mtu wa nguvu. Ningeweza kuutoa mkono wangu, na sikuutoa. Nilikuwa na baridi, lakini hiyo si sababu yote. Nilikuwa nimechoka kusimama nje.

Ndani kulinukia mbao mbichi. Obuya aliweka randa chini, akafuta kigoda kwa shati lake. "Shemeji, keti," akasema. Lakini nilimwona mke wake kule nyuma akimwinua mtoto wao mchanga, akamfunika kwa khanga na kutoka naye kwa mlango wa uani, kwenye mvua ileile.

Siku tisa baadaye, Obuya akipasua mbao za madawati yale, msumeno wa umeme ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwake, nikasimama nje ya ua. Alikuja na mkono wake umefungwa bandeji, mkubwa kama kichwa cha mtoto.

"Pole, shemeji."

"Asante." Aliutazama mkono ule. "Shemeji, sisemi ni wewe."

"Najua."

"Lakini siwezi kusema si wewe."

Jumanne iliyofuata tulikuwa sita. Iliyofuata, wanne. Hakuna aliyetaja sababu ya kweli. Huyu aliumwa na jino, yule alipata mgeni. Zubair aliwazungukia kama kawaida yake, na mteja kwa kila mlango. Walimpokea mteja, wakashukuru, na hawakuja. Madawati aliyasimamia yeye mwenyewe, akisimama juu ya vijana wa Obuya kila jioni mpaka yakaisha, ili kazi isimpotee mwenzake.

Mwisho wa Mei nilimfuata dukani kwake, nikasimama barazani, nikamwambia ninatoka.

"Hutoki," akasema. "Mimi ndiye niliyekuvuta."

"Na mimi ndiye niliyekubali."

"Kikundi kinachomfukuza mjane si kikundi, ni genge. Waache waende. Nitaanza upya na watu watatu."

"Watu watatu si kikundi, Zubair. Ni familia yenye njaa."

Hakucheka. Nilimwambia kile nilichokuwa nimekifikiria wiki nzima. Obuya ana watoto sita, na mkono wake wa kazi umebaki na vidole viwili. Hawezi tena kutafuta kazi kwa umahiri wake, atapata tu anayoletewa. Watu wasipokuja Jumanne, hakuna wa kumletea. Mimi vidole vyangu vyote ninavyo.

Mteja aliingia akitaka kilo mbili za misumari. Zubair alipima, akakosea, akamimina yote, akaanza tena. Nilikuwa bado nimesimama pale. Alipomaliza alienda nyuma ya duka, na nilielewa kwamba amekubali.

Wiki iliyofuata walikuja wote. Duka langu halikuwa mbali, niliwasikia wakipiga makofi. Baada ya mwezi mmoja walipata fundi mwingine wa nguo, kijana mzuri tu, na wazazi waliotaka sare wakawa wanapita mbele ya mlango wangu wakipelekwa kwake. Waliowapeleka walinisalimia kwa adabu. Zubair hakupita njia ile. Alizungukia nyuma ya soko.

Desemba nilihamia Homa Bay kwa dada yangu. Siku za soko mimi hushuka Rodi Kopany na cherehani yangu. Nina wenzangu watano sasa tunaopelekeana wateja, na ninawafundisha vile nilivyofundishwa.

Ijumaa ile nilipofika nyumbani kwa marehemu, mkewe Mwanarusi alikuwa ameketi mkekani, mweupe kwa nguo za eda. Miguu yangu ilisimama mlangoni yenyewe.

"Filister, ingia," akasema. "Mimi siruhusiwi kutoka miezi minne na siku kumi. Wewe usipoingia, tutaonana vipi?"

Niliingia, nikaketi kando yake. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Alikutaja mpaka wiki ya mwisho," akasema. "Alisema siku ile ya mvua hakukuvuta kwa ajili yako. Alichoka yeye kukuona pale nje. Alisema kiongozi angevumilia."

Baadaye akaniambia kilichokuwa kinamnyima usingizi. Duka lilikuwa mikononi mwake sasa, na eda ingemfungia ndani Jumanne kumi na nane. Mtu mwingine wa mabati alikuwa amefungua karibu na daraja, na alikuwa anaitaka sana nafasi ya Zubair. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa sasa ni Obuya. Mwanarusi aliniomba niende nimsemee.

Obuya alinikuta ngazini kwake. Alikuwa amenenepa. Kabla sijamaliza kusema alinikatiza.

"Tumekwisha amua jana, baada ya mazishi. Nyamoita atakwenda kwake kila Jumanne asubuhi. Atampelekea wateja wetu na kuchukua wake. Mtu wa daraja tumemwambia hakuna nafasi."

"Miezi minne yote?"

"Hata ingekuwa mwaka! Mjane wa mwenzetu, tumwache nje?"

Alilisema kwa fahari, haraka, na lilipokwisha kumtoka aliona ni nani anayemwambia. Mkono ule mbovu aliuingiza mfukoni.

"Shemeji..."

"Mmefanya vizuri," nikasema, na nilimaanisha.

"Ingia basi. Unywe hata chai."

Nyuma yake mke wake alikuwa amesimama katikati ya vumbi la mbao, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Alijaribu kutabasamu. Nilimwambia Obuya nina safari, siku nyingine.

Nilirudi kwa Mwanarusi, nikamwambia nafasi yake ipo na itamngoja. Aliangua kilio cha shukrani, nami nikalia. Alinikumbatia akiniambia ninyamaze, Mungu ni mwema. Alidhani tunalilia jambo moja.